Siku Jeshi la Nyati Liliposhinda Ng'ambo

— Ngano ninayo!
— Imwage!
— Ina pumba na chenga zake!
— Tutapepeta wenyewe!

Basi tulieni. Wewe unayetafuna mahindi, tafuna kwa shavu moja, shavu la pili liache lisikilize.

Zamani hizo, kabla watu hawajaifikia Marekani na kuiwekea viza, nchi ile ilikuwa ya wanyama watupu. Walikuwa na bendera, walikuwa na bunge, na walikuwa na Ikulu iliyopakwa chokaa nyeupe pe, ukiitazama adhuhuri unapiga chafya. Ndani ya Ikulu alikaa Rais, na Rais alikuwa Nyati. Si nyati hawa wetu mnaowajua. Nyati wa kule ana manyoya kifuani utadhani amevaa godoro, na kichwa chake ni kama gunia la mkaa lililoota pembe.

Rais Nyati alikuwa na njia moja tu ya kutawala, nayo ni kuegemea. Ukimkatalia jambo hagombi, hapigi. Anakuja taratibu, anakuamkia, anauliza hali ya wazee nyumbani, kisha anakuegemea. Halafu anakuegemea tena. Anazidi kukuegemea mpaka mgongo umegusa ukuta na mbavu za kulia zinasalimiana na za kushoto, na hapo unausikia mdomo wako mwenyewe ukisema, "Naam, Mheshimiwa, ni wazo zuri sana."

Kwa kuegemea huko alifanya mambo ambayo marais waliomtangulia waliyaota tu. Aliwaegemea dubu wa bungeni mpaka wakakubali watoto wote wasome shule moja, mwana wa dubu na mwana wa panya benchi moja. Aliwaegemea mbweha wenye zahanati mpaka wakakubali kuwatibu wazee bila kuwanyonyoa kwanza. Aliwaegemea mbwa mwitu, na kura ikawa ya kila mwenye mkia, hata mkia wenyewe uwe wa kutafutwa. Na siku ya kufungua shule alipanda jukwaani, jukwaa likalia kwii, akasema neno lililowatoa wanyama machozi: "Katika utawala wangu, hakuna mtoto atakayeshinda na njaa."

Likaanzishwa jambo la uji shuleni, bakuli moja kila mtoto, kila asubuhi.

Aliyempenda Rais kuliko wote kwa neno lile alikuwa Bi Kindi, mpishi wa uji. Bi Kindi alikuwa kamnyama kadogo, mkia mkubwa kuliko mwenye mkia. Sufuria yake ilikuwa ya shaba, pana, nguruwe mzima angeweza kuogea humo na kujigeuza. Sasa kindi atakorogaje sufuria kama hiyo? Alipanda juu ya ukingo, akaukumbatia mwiko uliomzidi urefu mara tatu, akakimbia kuzunguka, pirr, pirr, pirr, mpaka uji ukaiva na yeye kichwa kikamzunguka. Hakulalamika. Utotoni mwake alikuwa ameshinda na njaa siku nyingi, na sauti ya tumbo tupu aliijua kama anavyojua jina lake. Kila akisikia watoto wanavuta uji, fyuu, fyuu, fyuu, alijisemea kwamba nchi hii sasa ni nchi.

Ijumaa Rais mwenyewe alikuja kuonja. Kuonja kwake ni kuzamisha pua, chubwi, na theluthi ya sufuria imekwenda. Bi Kindi alikuwa akimwomba kwa adabu aonje bila kufika chini, naye Rais alikuwa akiitikia kwa adabu, pua ikiwa chini.

Sasa mtu ana shule, ana zahanati, ana uji, watu wanampenda, si ndiyo ashibe? Wapi. Rais Nyati alitaka apendwe nyumbani na aogopwe ugenini, vyote viwili, kwa sahani moja.

Ng'ambo ya mto walikaa mafuko. Kazi yao kuchimba. Hawaoni vizuri, hawana jeshi, hawana hata bendera, kwa sababu chini ya ardhi bendera haipepei. Lakini washauri wa Ikulu walimwambia Rais kwamba mafuko wameanza kupika mizizi yao katika chungu kimoja, na mambo ya chungu kimoja yanaambukiza. Leo mafuko, kesho sungura, keshokutwa nungunungu, na wiki ijayo utasikia shimo limetokea chini ya kiti cha Rais. Rais akainama akachungulia chini ya kiti. Hakuona shimo. Lakini tangu siku hiyo alikaa kwa tako moja.

Akatangaza vita. Akamteua Jenerali Bata Mzinga aongoze jeshi la mbuzi, nguruwe na kulungu, na mbele ya umma akaapa kwamba jeshi lake halitarudi majumbani mpaka lishinde ng'ambo ya mto. Bata Mzinga akavimba, shingo ikawa nyekundu, golo golo golo, akawapigia wanyama saluti kwa bawa lisiloruka.

Ikawa kila siku ni vilevile. Jua linachomoza, jeshi linavuka mto, chubwi chubwi chubwi, likiimba: tutashinda, tutashinda, tutashinda. Mafuko wanasikia kishindo, wanashuka chini zaidi. Askari wanakanyaga juu ya mashimo, ardhi inatitia, didididi, mbuzi amezama mpaka shingoni, nguruwe wawili mpaka masikioni. Kabla ya saa nne wote wamekwisha kurudi upande wa huku, wanapangusana matope. Wanalala kambini, na kesho tena, chubwi chubwi chubwi.

Na kila Jumatatu Jenerali alikwenda Ikulu, golo golo golo.

"Mheshimiwa, tunakaribia kushinda. Kimebaki kidogo tu."

"Kidogo cha nini?"

"Cha mabenchi. Tuyapange matopeni, tupite juu yake."

Rais akatoa mabenchi ya shule. Watoto wakasoma wamekaa chini, na mabenchi yakazama.

Jumatatu ya pili, golo golo golo.

"Mheshimiwa, tunakaribia kushinda. Kimebaki kidogo tu."

"Kidogo cha nini?"

"Cha mablanketi. Tuzibe mashimo."

Rais akatoa mablanketi ya zahanati. Wazee wakatetemeka, na mablanketi yakaingia mashimoni yasionekane tena.

Jumatatu ya tatu, golo golo golo. Safari hii kilichobaki kidogo kilikuwa cha unga. Jenerali alieleza kwamba askari hawawezi kushinda na njaa. Rais akakuna kichwa. Maneno yale yalifanana na maneno fulani aliyowahi kuyasema yeye mwenyewe, lakini hakukumbuka ilikuwa wapi. Akatoa unga wa shule, nusu nzima.

Pale shuleni uji ukawa mwepesi. Ukawa mwepesi mpaka watoto wakajiona nyuso ndani ya bakuli, na mwana wa panya akadhani kuna mtoto mwingine mle ndani anayemalizia chakula chake. Bi Kindi alikimbia kuzunguka ukingo, pirr, pirr, pirr, mwiko ukienda wenyewe bila kusukumwa, naye hilo halikumfurahisha hata kidogo.

Jumatatu ya nne Jenerali hakutaka kidogo. Alisimama mbele ya Rais, kifua mbele, akasema kwamba yeye anaitwa Mzinga na hana mzinga, na kwamba jambo hili ni aibu kwa taifa. Kuna sufuria ya shaba pale shuleni. Apewe aiyeyushe, aunde mzinga wa kweli, na akishakuwa na mzinga, Jumatatu ijayo wameshinda.

Rais akailamba pua yake. Aliupenda uji ule kuliko mtoto yeyote. Lakini akakitazama kiti chake, akakitazama chini yake, akasema sufuria ichukuliwe kesho asubuhi.

Karatasi ikabandikwa mlangoni mwa shule. Bi Kindi aliisoma akiwa amening'inia kichwa chini miguu juu, kwa sababu ilibandikwa na kulungu mrefu. Akaisoma tena akiwa wima, labda itabadilika. Haikubadilika. Bila sufuria hakuna uji. Bila uji, keshokutwa kengele ya shule ikilia, watoto wote wale watashinda na njaa kama alivyoshinda yeye.

Akachukua mwiko wake akaenda nao mtoni kuusugua, maana mikono yenye kazi hailii. Mahali pale mto ulikuwa mwembamba. Upande wa pili, fuko mmoja wa kike alikuwa anaosha mizizi, macho kayafumba dhidi ya mwanga.

"Nani mwenye hatua nyepesi hivyo?" yule fuko akauliza. "Wewe si katika wale wageni."

Bi Kindi akajitaja. Mwenzake naye akajitaja: Bi Fuko, mama wa watoto kumi na mmoja, wote wachimbaji.

"Shoga, hebu niambie," Bi Fuko akasema. "Hao wageni wenu wenye kwato, tumewakosea nini?"

"Wageni gani tena?"

"Hao wanaokuja kila asubuhi wakipiga kelele, tutashinda, tutashinda. Sisi tunasema haya, wageni wanakuja kushinda. Tunaosha mizizi, tunatandika mikeka. Tukitokeza kichwa tuwakaribishe, wamekwenda zao. Hata saa nne haijagonga. Na si watu wabaya, wametuletea mabenchi, wametuletea na mablanketi. Mizizi imeniozea mimi. Sasa mgeni anayesema atashinda halafu hakai hata kitako, kwenu mnamwitaje?"

Bi Kindi akafungua mdomo amweleze. Akaufunga. Mkia ukaanza kumtikisika wenyewe, kwanza ncha, kisha katikati, kisha mkia mzima.

"Tunamwita jenerali," akasema.

Akamuuliza kama kesho wageni wakija na wakakubali kukaa, watapokelewa. Bi Fuko akaona kama ametukanwa. Kwao, akasema, mgeni akitamka kwamba anashinda, basi anashinda, haruhusiwi kuondoka mpaka jua lizame, na anayemruhusu anasutwa na ukoo mzima.

Bi Kindi hakungoja kuagana. Alikimbia mpaka Ikulu, mwiko begani, matone ya maji yakimfuata nyuma.

Rais alipomwona alijua amekuja kukataa, kwa hiyo akaanza kazi. Akamkaribia, akamwamkia, akamuuliza habari za wazee. Kisha akamwegemea. Akaegemea, akaegemea, akafika ukutani, ukuta ukasema kwaa. Akajiangalia. Bi Kindi hayupo. Akaangalia sakafuni, hayupo. Kumbe ameingia ndani ya manyoya ya kifua, na huko ndani anatafuta pa kukaa, na kila anapogeuka mkia unamtekenya Rais wa nchi.

"Mheshimiwa," sauti ikatoka kifuani, "sikuja kukataa. Nimekuja kukuombea sifa."

Neno sifa lilimtekenya kuliko mkia. Akaambiwa asikilize. Sufuria ikienda vitani tupu, jeshi litasema Rais wetu ameishiwa. Iende imejaa uji, imebebwa na askari kwa mpiko, kila anayeiona aseme huyu ndiye Rais. Rais akasema hilo jema. Tena, sauti ikaendelea huku mkia ukipita chini ya kwapa, umma unauliza vitu vilivyochukuliwa vitarudi lini. Si atoke tu barazani awaambie?

Rais Nyati akatoka barazani anacheka, hawezi kujizuia, machozi yanamtoka, na kwa sauti ile aliyopewa na Mungu, soko zima likasikia: "Siku jeshi langu litakaposhinda ng'ambo ya mto, hata ikiwa ni kesho, sufuria inarudi shuleni, unga unarudi, kila kilichochukuliwa kinarudi, na kila askari anakwenda kwao."

Soko likapiga makofi. Bi Kindi akachomoka kupitia manyoya ya shingo, akaenda kupika.

Alipika uji ule kwa unga wote uliobaki shuleni, na kindi ni kindi, akaenda akafukua karanga alizozifukia mahali kumi na tisa, akazitwanga, akazimwaga zote humo. Mkileta kijiko kikasimama chenyewe, huo ndio uji ninaousema. Asubuhi mbuzi wanne wakaja na mpiko, wakainua, hoi, hoi, wakaelekea mtoni. Bi Kindi amekaa ukingoni na mwiko wake. Harufu ikatangulia mbele ya jeshi kama tarumbeta.

Wakavuka, chubwi chubwi chubwi. Tutashinda, tutashinda, tutashinda. Lakini leo sauti zilikuwa na mate.

Walipofika ng'ambo Jenerali akaamuru sufuria ishushwe imwagwe, iyeyushwe hapohapo. Bi Kindi akamwamkia vizuri, akamuuliza kama amewahi kusikia mzinga wenye uji ndani. Ukiulipua, adui anapata kifungua kinywa. Uji huu hauwezi kumwagwa, ni uji wa Rais, una amri yake. Inabidi uishe kwa njia ya kawaida. Jenerali alifikiri. Alipomaliza kufikiri, nguruwe walikuwa kwenye bakuli la pili.

Fyuu, fyuu, fyuu. Na hapo ardhi ikafanya pu, pu, pu, vichwa vidogo vikatokeza kila mahali. Askari wakashika fimbo zao. Mafuko wakasema: "Karibuni, karibuni, leo mmekaa." Wakaleta mizizi iliyookwa, wakaleta mikeka. Tena wakayatoa na yale mabenchi, yamesuguliwa yanang'aa, wageni wasikae chini.

Jenerali alitaka kuamuru shambulio, lakini kinywa kilikuwa kimejaa, na amri iliyotoka ilikuwa "mbulumbulu," ambayo katika kitabu cha jeshi haimo.

Saa nne ikafika, ikapita. Saa sita askari mmoja wa kulungu alisimama akasema nadhani sasa turudi. Bi Fuko akamshika kwato akamketisha, akamkumbusha kwamba wamekuwa wakiimba watashinda tangu masika, leo hapana, leo washinde. Mchana wakacheza bao katika vishimo ambavyo mafuko walivichimba kwa dakika mbili. Mafuko wakawatoa mbuzi miiba kwatoni. Nguruwe wakaonyeshwa tope lisilo na mashimo wakaogelea hadi ikabidi wanyanyuliwe. Jenerali mwenyewe aliingiza kichwa chini ya bawa akakoroma, golo, golo, mpaka jua likawa kama papai.

Bi Kindi akamgusa begani. "Jenerali, umeshindaje?"

"Ah, nimeshinda vizuri," Jenerali akajibu, maana ndivyo anavyojibu kila aliyelelewa vizuri.

Kisha akazinduka kabisa. Akaliona jua. Akaliona jeshi limelala na adui mkeka mmoja. Akaanza kutetemeka, ngozi ya shingo ikipigapiga, akisema amekwisha, Rais atamkaanga. Bi Kindi akamtuliza. Alimwambia aende moja kwa moja Ikulu, aulizwe, ajibu ukweli mtupu, na asiongeze hata neno.

Rais alikuwa barazani, na umma mzima chini yake. Jeshi lililoondoka asubuhi na halikurudi saa nne, hilo lilikuwa jambo geni. Jenerali akapanda ngazi.

"Mmeshinda?" Rais akauliza.

"Tumeshinda, Mheshimiwa. Kutwa nzima."

Umma ukavuta pumzi.

"Na adui wako wapi?"

"Wote wako chini ya ardhi, Mheshimiwa."

Rais akainamisha kichwa kidogo kwa heshima. "Wote?"

"Mpaka watoto."

"Walipigana?"

"Tulipowaacha hawakuweza hata kusimama." Hii nayo ilikuwa kweli, walikula bakuli tatu tatu.

"Waliomba amani?"

"Waliomba waongezewe, Mheshimiwa."

"Majasiri," Rais akasema. "Na silaha gani iliyowamaliza?"

"Sufuria, Mheshimiwa."

Umma ulilipuka. Kwato, mbawa, mikia, kila kinachopigika kilipigwa. Rais hakungoja kuuliza la saba. Alirudia neno lake lote la jana kwa sauti kubwa zaidi: sufuria shuleni, unga shuleni, askari majumbani, vita vimekwisha kwa ushindi. Jioni ileile fundi kindakindaki wa mawe akaitwa aanze kuchonga sanamu ya Nyati amesimama kwa miguu miwili. Mbuzi wakakimbilia kwa wake zao. Na Bi Kindi akairudisha sufuria jikoni, akaifuta kwa mkia.

Mmefurahi? Na mimi nilidhani imeisha. Lakini mafuko nao wana adabu zao. Ukishinda kwangu leo, kesho mimi nashinda kwako.

Asubuhi Rais amekaa ofisini, kwa matako yote mawili, mara ya kwanza tangu vita vianze. Anapanga hotuba. Chini ya kiti chake ikasikika kwaruu, kwaruu, kwaruu. Ubao wa sakafu ukainuka. Akatokeza Bi Fuko, amevaa blanketi la zahanati begani kama kanga ya harusi, na nyuma yake watoto kumi na mmoja, na nyuma yao ukoo.

"Hodi hapa," Bi Fuko akasema. "Tumekuja kushinda."

Nyati wa ratili elfu mbili akapanda juu ya meza. Meza ikasema kwaa, ikavunjika, akapanda juu ya kabati. Akamwita Jenerali. Jenerali alikuwa kwao, amerudishwa nyumbani kwa amri ya Rais, pamoja na jeshi zima. Akaita walinzi. Walinzi walikuwa mbuzi wale wanne waliobeba sufuria jana, nao walipofika mlangoni walisema, "Ee, Bi Fuko, habari za tangu jana?"

Aliyebaki ni Bi Kindi, aliyekuwa dirishani. Rais akamtazama kutoka juu ya kabati. Akaanza kuelewa. Alielewa polepole, kuanzia pembe kuja kifuani, mkia ukaelewa mwisho.

"Bi Kindi," akasema kwa sauti ndogo ambayo nchi haijawahi kuisikia, "jana jeshi langu lilishinda kushinda gani?"

"Kule ulikotuahidi jukwaani, Mheshimiwa. Limeshinda bila njaa."

Rais alifungua mdomo angurume. Nje, tak, tak, tak, fundi alikuwa ameshafika kwenye pembe za sanamu. Umma ulikuwa umekusanyika kutazama, na chini ya sanamu tayari palikuwa pamechongwa kwa herufi kubwa: ALISHINDA. Akisema amedanganywa, herufi zile atazipeleka wapi? Akasogea amwegemee Bi Kindi, lakini kabati si mahali pa kuegemea. Lilianza kulia, naye akaliacha akashuka, mguu mmoja mmoja, kama anayeshuka kisimani.

Mafuko walikuwa wamekwisha kutandika mikeka juu ya zulia la Ikulu. Mablanketi yalikuwa yamekunjwa vizuri pembeni, wameyarudisha. Rais akakaa. Wakamkaribisha mzizi. Akaunusa, akautafuna, akasema si mbaya, akaomba wa pili. Watoto wa mafuko wakagundua kifua chake wakaingia wote kumi na mmoja, wakachimba njia kutoka bega hadi bega, na Rais wa nchi akagaragara chini akicheka mpaka vioo vya madirisha vikacheka naye. Saa sita Bi Kindi akaleta uji. Rais akaonja mpaka chini, safari hii hakuna aliyemkataza, maana shuleni watoto walikwisha kunywa na wakalamba.

Jua liliposhuka, Bi Fuko akakunja mkeka. Akampapasa Nyati pua, kwa sababu hakuwa akimwona vizuri, akadhani ni mzee wa makamo mwenye ndevu.

"Haya, baba, sisi tunarudi. Umeshindaje leo?"

Rais alitazama mlangoni. Waandishi wa magazeti wote walikuwa pale, kalamu juu, wanangoja neno.

"Tumeshinda," akasema. "Sisi na wao."

Na ndivyo lilivyoandikwa gazetini, na ndivyo lilivyoingia vitabuni, vita pekee ambavyo pande zote mbili zilishinda na hakuna aliyerudi na jeraha, isipokuwa meza.

Basi ngano haikosi funzo, na la hii nimeagizwa nilitoe, nalitoa. Kwanza, nchi haiwezi kwenda bila jenerali mwenye shingo nyekundu, mlisheni vizuri. Pili, usimpe adui yako uji, atazoea, kesho utamkuta chini ya kiti chako na watoto. Tatu, mpishi akae jikoni, mambo ya vita ni ya wakubwa wanaoyaelewa. Na nne, mkipewa ahadi na mkubwa, msimuulize maana ya maneno yake, ni utovu wa adabu. Ngojeni tu mpaka mumshike nayo.

— Nimeikata hapa!
— Tumeona!
— Kipande kilichobaki ni chenu!
— Tutakivuta!

Kivuteni taratibu. Mimi kiu imenishika, na kuna mtu hapa aliahidi chai.